Gauni la Koleo na Pete

Kabla hujagusa kitu, fundi wangu, kusanya sindano zako zote, uzi, subana, bitana na ule mkasi wa kitambaa usiomwazima mtu, uvifungie kabatini. Ufunguo mpe mama yako. Usimpe mume, usimpe kijana anayejifunza kazi dukani kwako, mpe mama. Gauni tunalokwenda kulitengeneza halina mshono hata mmoja, na mkono uliozoea sindano ukiiona tu mezani utaifuata kama paka anavyofuata ndoo ya samaki.

Mama ametajwa mwanzo kwa sababu. Mtu aliyetufungulia njia hii ni mbunifu wa mavazi Paco Rabanne, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Francisco Rabaneda y Cuervo. Alizaliwa mwaka 1934 huko Pasaia, mji wa bandari katika nchi ya Wabasque, kaskazini mwa Hispania, na mama yake alikuwa kiongozi wa washonaji wa Cristóbal Balenciaga mjini San Sebastián. Waulize watu wa kazi hii ni nani aliyejua kukata koti bega likakaa kama limeota mwilini; Balenciaga hakosi kutajwa. Baba alikuwa afisa wa jeshi upande wa Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na askari wa Jenerali Franco walimpiga risasi wakamuua. Mwaka 1939 familia ikakimbilia Ufaransa. Mtoto huyo alikulia penye uzi na pasi, akajua nguo nzuri inavyokaa kabla hajapata maneno ya kuielezea. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Rabanne alitengeneza magauni ya chuma kwa kuwa ushonaji ulimshinda, mwache apite zake. Sindano zilikuwa nyumbani kwao. Aliziacha akizijua.

Sasa nenda kasomee ujenzi. Naam, ujenzi wa nyumba. Yeye alisoma usanifu majengo katika shule ya Beaux-Arts mjini Paris, na pesa ya kula akaipata kwa kuwachorea watu mikoba na viatu. Baadaye akaingia kwenye vifungo na mapambo: vifungo vya Balenciaga, vya Dior, vya Givenchy, na hereni kubwa kubwa za plastiki ya rangi kali iitwayo rhodoid. Kama huna miaka ya kukaa chuoni, basi angalau kaa asubuhi moja na fundi ujenzi umtazame anavyofunga nondo. Hamwagi zege mpaka kila nondo imefungwa na mwenzake kwa waya, na ukimuuliza atakuonyesha kwa kidole uzito wa dari unapita wapi hadi kufika chini. Swali hilo la uzito unapita wapi ndilo utakalolihitaji. Kitambaa humsamehe fundi mvivu, maana kinajikunja chenyewe kuficha makosa. Bati halisamehe.

Ukitoka huko, omba gauni la harusi lenye puleki uligeuze ndani nje. Kila fundi ameshawahi kushona puleki, na macho yamemuuma. Utaona kazi yote inafanywa na kitambaa: ndicho kinachobeba, ndicho kinachozunguka kiuno, na puleki wamepanda tu kama abiria. Rabanne aliliondoa gari. Abiria wakashikana mikono, safari ikaendelea.

Alichukua vibati na vipande vya plastiki, akavitoboa pembeni, akaviunga kwa pete ndogo za waya, kimoja kwa kimoja, mpaka vikatosha kumzunguka mtu. Ukisahau mengine yote ya mwongozo huu, hili lishike: gauni la namna hii haliko kwenye vibati, liko kwenye viungo. Kibati ni kigumu na kitabaki kigumu. Ulaini unazaliwa pale kibati kinapokutana na kibati. Goti lako lina mifupa migumu pia, na bado unapanda ngazi.

Twende sokoni, na usipite mtaa wa vitambaa, utachelewa. Ukiwa Dar es Salaam nenda Gerezani. Ukiwa Nairobi nenda Kamukunji. Tafuta bati la aluminiamu lenye unene wa nusu milimita. La kuezekea liache, ni chuma kilichopakwa, ni zito na likikatwa linashika kutu ukingoni. Nilipokwenda kununua langu, fundi bati aliniuliza, "Dada, unajengea banda la kuku?" Nikamwambia ni la gauni. Mkasi wa bati ukabaki umening'inia mkononi mwake. Akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akafikiri, kisha akalirudisha lile bati alilokuwa ameanza kulikata. "Basi ngoja nikupe hili jingine, dada. Lile lina mikunjo." Sijapata kuuziwa kitambaa kwa heshima ya namna ile.

Hesabu yako ni hii. Kibati cha duara chenye upana wa sentimita 3, kwa unene huo, kina uzito wa karibu gramu 1. Vibati 1,000 ni kama kilo 1, na hivyo vinatosha gauni fupi la mwanamke wa umbo la kawaida, na vingine vitabaki vya akiba. Toboa kila kimoja matundu manne. Kwa kuwa kila pete inashika vibati viwili, utahitaji pete zipatazo 2,000. Ukipenda shaba badala ya aluminiamu, uzito unazidi mara tatu. Ukipenda dhahabu, mara saba, na hapo hatuko kwenye kubahatisha: mwaka 1968 Rabanne alimvalisha mwimbaji Françoise Hardy gauni fupi la vipande vya dhahabu lililopambwa kwa almasi, likawa na uzito wa kilo 9. Nilipoona tarakimu hiyo nikachukua kalamu nikapiga hesabu yangu ya vibati elfu kwa dhahabu. Nilipata kilo 7 kasoro kidogo, bila pete. Nilifurahi peke yangu mezani kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

Kata, toboa kwa keekee, kisha piga tupa. Kwenye tupa usifanye haraka hata kidogo. Mimi kibati cha sita nilikimaliza kwa pupa nikakiweka pamoja na vingine, na nilipokuja kukiokota kilinichana chini ya kidole gumba, mchano mwembamba kama wa karatasi mpya. Tangu hapo ninatumia soksi nyembamba ya nailoni. Kivalishe kidole chako hiyo soksi, pitisha kidole ukingoni mwa kibati mzunguko mzima, na ndani ya kila tundu. Popote nailoni inaponasa, ngozi nayo ingenasa. Rudi kwenye tupa, malizia kwa msasa laini. Mwanamke atakayevaa vibati hivi hana kitambaa kati yake na kazi yako.

Sasa pete, na hapa kaa vizuri kwenye kiti, maana ndipo penye gauni. Utahitaji koleo mbili za mdomo mwembamba. Mwalimu wako wa hatua hii ni sonara, kwa hiyo kama mtaani kwako kuna anayetengeneza mikufu, mpelekee chai. Anayeanza hushika pete na kuivuta ncha moja kushoto na nyingine kulia, ifunguke kama mdomo. Pete ikishafunguliwa hivyo inakuwa yai, na hata uibane namna gani hairudi kuwa duara. Sonara anashika ncha moja kwa koleo la kushoto na ya pili kwa koleo la kulia, kisha anaisukuma moja mbele na kuivuta nyingine nyuma, kama mtu anayefungua mlango. Duara linabaki duara, ila lina mwanya. Ingiza vibati viwili, rudisha ncha kwa njia ileile, zipitane kidogo, kisha zirudi zikutane. Zikikutana sawasawa utasikia mkwaruzo mdogo, kama mchanga chini ya kiatu. Huo mkwaruzo ndio fundo lako. Usipousikia, gauni litakufunguka mbele za watu.

Pete ya kwanza itakuchukua dakika tano. Ya hamsini, dakika moja. Kwa mwendo wa dakika moja, pete 2,000 ni zaidi ya saa 33 za kukaa kimya na koleo mbili, na nakusihi usiwashe televisheni, utashindwa kusikia mkwaruzo.

Kitakachokushangaza ni jinsi ujuzi wako wa zamani unavyorudi kwa mlango wa nyuma. Kiunoni huwezi kubana kwa mshono, kwa hiyo unapunguza vibati katika safu, au unaweka safu tatu za vibati vidogo zaidi. Kifuani unaweka pete kubwa kidogo ili safu zipumue. Mteja akinenepa unaongeza safu moja ya wima ubavuni, kazi ya jioni moja, wala haonekani aliyeongezewa. Na kuna siri ya mshazari. Ukipanga vibati wima na mlalo, gauni linaning'inia wima kama pazia. Ukiugeuza mpangilio wote ukae kipembepembe, yale matundu manne yakawa juu kushoto, juu kulia, chini kushoto na chini kulia kwa kila kibati huku safu zikipishana, gauni linafuata nyonga na kurudi, kama kitambaa kilichokatwa mshazari. Mama anajua hilo. Ndiyo maana nilikwambia ufunguo akae nao yeye.

Kabla ya kumwonyesha mtu, lipe gauni jina, na wewe uwe wa kwanza kulisema lile ambalo wengine wanangoja kulisema. Februari 1, 1966, katika hoteli ya George V mjini Paris, Rabanne alionyesha magauni 12 na akayatangaza kuwa ni magauni yasiyovalika, yaliyotengenezwa kwa vitu vya zama zetu. Jina lenyewe. Wakosoaji walifika na neno hilo wakakuta limeshakaa kwenye kiti cha mbele. Wanamitindo walitoka miguu mitupu, wakicheza muziki wa mtunzi Pierre Boulez, ule ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa nyundo isiyo na bwana. Nani angechagua muziki mwingine? Na katika miaka hiyohiyo Rabanne alikuwa miongoni mwa wabunifu wa mwanzo mjini Paris kuwapa wanawake weusi nafasi kwenye maonyesho ya mavazi ya hadhi ya juu. Nalitaja hilo kwa sauti kubwa, kwa sababu vibati vya 1966 hutajwa kila mahali, na waliovivaa husahauliwa.

Coco Chanel, aliyeutumia umri wake kulainisha koti la mwanamke, alisema huyu si mshonaji, ni mfua vyuma. Lilipaswa kuwa tusi. Wewe ukiitwa mfua vyuma, shukuru na uliandike juu ya mlango wa duka. Mwaka 1967 mwigizaji Audrey Hepburn alionekana katika filamu ya Two for the Road akiwa ndani ya gauni la vibati vya Rabanne, amepumzika kama aliyevaa dera nyumbani kwake. Lile neno yasiyovalika lilikuwa limeishi mwaka mmoja tu. Rabanne mwenyewe aliishi hadi Februari 3, 2023, akafariki akiwa na umri wa miaka 88, na magauni yale sasa yamo katika makumbusho makubwa, likiwemo la Metropolitan mjini New York.

Ukishaonja koleo utatamani kila kitu unachokiona: vijiko, vizibo vya soda, funguo kuukuu, vigae. Tamani, lakini kila unapookota kitu kiulize swali lilelile la kiungo. Mbunifu Martin Margiela alichukua sahani zilizovunjika, akatengeneza kizibao cha mwaka 1989 kwa kuviunga vipande kwa waya. Ukikitazama karibu unaona waya ndio unaojua umbo la kifua, sahani zinafuata. Mbunifu mwingine, Alexander McQueen, kwa mavazi yake ya mwaka 2001, alitumia makombe marefu membamba yaliyookotwa ufukweni Norfolk, Uingereza, akamfunika nayo mwanamitindo Erin O'Connor. Kwenye onyesho Erin aliyapukutisha kwa mikono yake, yakaanguka sakafuni. Mimi niliyekulia karibu na bahari nilipoiona picha ile niliumia kidogo kwa ajili ya makombe, kisha nikaelewa: kombe jembamba hupasuka kwa urahisi, na McQueen aliliacha lifanye hivyo. Alikisikiliza kitu. Anayebandika makombe kwa gundi juu ya satini na kusema amebuni, huyo hajauliza swali lolote.

Rabanne mwenyewe alikwenda pande zote mbili za swali hilo. Alitengeneza magauni ya karatasi, ambayo viungo vyake ni vya kupita tu, nguo ya kuvaa mara chache ukaitupa. Na akatengeneza koti la mvua la plastiki lililotoka kwenye kalibu likiwa zima, mifuko na vifungo vikiwa vimezaliwa nalo. Hilo halina kiungo hata kimoja, na kwangu ndilo linalonivutia kidogo kuliko yote. Limekamilika mno. Hakuna mahali pa kutia koleo.

Sasa umfundishe mteja kuvaa, kwa sababu asipofundishwa atalaumu fundi. Mwambie alivalie chumbani penye joto, au alipashe kwanza kwa mikono, maana asubuhi aluminiamu ni baridi kama bomba la maji. Nywele zifungwe kabla, zisije zikanaswa na pete mgongoni. Ndani avae gauni jembamba lililoshikamana na mwili, kama hataki alama za duara mapajani kila akisimama kutoka kwenye kiti. Wanamitindo wa Rabanne hawakukaa kwenye viti vya plastiki vya harusi saa sita. Asilifue. Alifute kwa kitambaa kikavu. Asilitundike pia, kwani kwa mwezi mmoja uzito wake utafungua pete za mabegani. Alilaze kwenye boksi. Na ndani ya mkoba wake, pamoja na kioo na leso, awe na koleo moja dogo na pete tano.

Halafu mwache atembee. Sauti yake si kelele ya vyombo jikoni kama unavyodhani. Ni kama mvua nyepesi inapoanza juu ya bati, ile dakika ya kwanza kabla watu hawajakimbilia kuanua nguo. Mtu aliyevaa gauni hili hawezi kuingia chumbani kimya kimya, na baada ya hatua kumi anaacha kujaribu. Mabega yanashuka, mwendo unakuwa wa pole. Nimeona kitenge kizuri kikimpamba mtu. Gauni hili linamfundisha kutembea.

Mimi bado sijamaliza langu. Nina kipande cha safu kumi na mbili kwa kumi na mbili, ukubwa wa kitambaa cha kufunikia sahani, na wiki iliyopita nilikipeleka kwa yule fundi bati aliyeniuliza habari za kuku. Alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kukipokea. Akakimimina kutoka kiganja kimoja hadi kingine, taratibu, mara nne au tano, vibati vikishuka kimoja baada ya kingine kama mchele. Akatafuta pete moja kwa ukucha, akajaribu kuuona mwanya, hakuuona. Akakiweka begani, akainua mkono, akautazama upande wa kwapa muda mrefu.

"Hapa, dada," akasema, "ukitaka kutia mkono wa nguo, hizi pete zitakataa. Mkono unapanda na kushuka, tena unazunguka."

Nikamwambia ndiyo maana magauni mengi ya Rabanne ya miaka ile hayana mikono.

Hakunijibu. Alikuwa amekwisha kuokota kipande cha waya kutoka sakafuni, anakikunja kwenye msumari kupata pete, kisha ya pili akaipitisha ndani ya ile ya kwanza.

"Na tukiweka mbili mbili?"